MAKALA YANAYOSAFISHA MAJI: KWA NINI PIPA LETU LILITUDANGANYA



Mwezi huu ukurasa wa afya unazungumza juu ya makala. Si makala ya babula, ni makala yale meusi ya punje ndogo ambayo tunayaweka ndani ya pipa ili maji yapite na kutoka bila harufu. Wengi mmeniuliza kwa nini pipa la zamani liliondolewa, na kwa nini siku hizi tunaona tiyo mbili ndefu zimesimama nyuma ya dispanseri. Nitawaeleza yote, hata lile kosa langu, sababu kosa lile lilikaribia kuua mtoto.

Mnajua maji yetu yanatoka mto Runingu. Mto huu unashuka kwa nguvu kutoka milimani mpaka bonde la Ruzizi, na wakati wa mvua unageuka mwekundu kama udongo wa matofali. Tena mwaka ule maji yalikuwa na harufu ya mazutu. Watu walikataa kuyanywa, wakaenda kuchota kwenye vijito. Basi tukatafuta pipa la litri 200, tukalijaza makala maalum mpaka kimo cha santimetri 40, tukaliweka kati ya tangi ya juu na robine. Harufu ikaisha siku ile ile. Mama walinishukuru, mimi nikajiona fundi.

Klori nilikuwa naitia katika tangi ya juu, kama siku zote. Hapo ndipo nilipokosea. Baada ya siku chache kuhara kukaanza kambini, kwanza nyumba mbili, kisha sita. Mtoto wa miaka 4 aliletwa kwangu usiku, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta haishuki. Tulimpa maji ya chumvi na sukari njiani mpaka kituo cha kolera Uvira, huko wakamtia serumu, akapona. Mama yake aliniuliza: «Dokta, si ulisema maji haya ni safi?» Sikuwa na jibu. Asubuhi nilichukua kile kipimo cha klori, nikapima kwenye tangi: klori ipo. Nikapima kwenye robine, chini ya pipa: hakuna hata kidogo. Makala yalikuwa yameila yote.

Sasa tuanze somo.

Makala haya yanafanyaje kazi? Mti au ganda la nazi ukilichoma bila hewa ya kutosha unapata makala ya kawaida. Ndani yake kuna vitundu, lakini vitundu vimezibwa na lami ya moshi. Kiwandani wanayachoma mara ya pili kwa mvuke wa maji, moto wa digri 800 mpaka 1000 hivi. Mvuke ule unakula lami na kuchimba vitundu vingine vidogo mno, hata darubini ya dispanseri haivioni. Ukikunjua kuta zote za vitundu hivyo, gramu moja tu ya makala mazuri inatoa eneo la metri mraba kama 1000. Kiwanja cha mpira kina kama 7000. Kwa hiyo gramu 7, ambazo zinaenea katika kiganja chako, ni kiwanja kizima! Kwenye kuta hizo harufu, rangi, mazutu na dawa za kuulia wadudu wa mashamba zinakwenda kujibandika. Haziingii ndani kama maji katika sponji, zinashikwa juu ya ukuta kama vumbi kwenye kioo. Kwa sababu hiyo hospitali zinampa unga wa makala haya mtu aliyemeza aina fulani za sumu.

Maganda ya nazi ndiyo yanayosifiwa sana, sababu ni magumu na hayavunjiki upesi. Maganda ya mbegu za ngazi pia yanatoa makala mazuri. Sisi wa pwani ya Tanganyika tunayatupa au tunayachoma motoni kila siku.

Mama wengine wamesikia habari hii wakaweka makala ya babula ndani ya bidoni ya maji. Mama, usijisumbue. Makala yale yana vitundu vichache vilivyo wazi, tena yana majivu. Maji yanaweza kuonekana mazuri kidogo, lakini mdudu wa kolera anapita humo akiimba.

Kuhusu klori, nilipofuatilia jambo hili nilikuta kwamba limejulikana zamani. Mwezi wa nne mwaka 1915, katika vita kuu ya kwanza, Wajerumani waliachilia moshi wa klori juu ya askari wa Ufaransa karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji. Baadaye askari walipewa vifuniko vya uso vyenye kopo la makala, kwa kuwa makala yanaila klori kabla haijafika mapafuni. Mwaka 1920 wataalamu wawili wa Marekani, Bohart na Adams, walichapisha hesabu zao juu ya makala na klori: makala ya kimo fulani yatastahimili muda gani kabla klori haijaanza kupenya. Mpaka leo watu wanaotengeneza minara ya makala ya kusafisha maji wanatumia hesabu iliyotoka hapo. Basi kile kilichookoa askari ndicho kilichotuvua sisi ulinzi wetu. Nilikuwa natia klori juu, na makala yanaila chini, na maji yanakwenda nyumbani bila mlinzi. Zaidi ya hayo, makala yenyewe ni nyumba nzuri ya vijidudu: kuna giza, kuna unyevu, kuna chakula kilichobandikwa ukutani.

Dawa ya kosa hilo ni rahisi: klori itiwe mwisho, baada ya makala, katika tangi ambamo maji yanakaa dakika 30 angalau. Baada ya hizo dakika 30 klori iliyobaki iwe miligramu 0,5 kwa litri. Nyumbani, kwenye robine ya mwisho, isishuke chini ya 0,2.

Lakini pipa lilikuwa na kosa la pili, na hili ni la ufundi. Baada ya majuma machache ile harufu ya mazutu ilirudi. Wengine walisema makala yamechoka. Nilimwaga pipa lote, nikakuta makala ya katikati yamebaki safi, na ya pembeni, karibu na bati, yameshikamana na matope na kunuka. Maana yake maji hayakupita katika makala yote. Yalitafuta njia nyepesi, yakashuka kwenye ukuta wa pipa kama mtu anayekwepa bariera.

Sikilizeni hesabu, si ngumu. Pipa lina upana wa santimetri 57. Makala ya kimo cha santimetri 40 ndani yake ni kama litri 100. Robine ikifunguliwa yote tulikuwa tunatoa litri 40 kwa dakika. Gawa 100 kwa 40: unapata dakika 2 na nusu. Huo ndio muda ambao maji na makala yanakutana. Kwa mazutu na dawa za mashamba, wataalamu wanataka dakika 10 angalau, na mara nyingi 15 au 20. Punje ya makala ni kama nyumba yenye korido ndefu: uchafu lazima ufike mlangoni, kisha utembee ndani mpaka upate ukuta ulio wazi. Ukiyakimbiza maji, uchafu unapita mbele ya mlango bila kuingia. Klori yenyewe haihitaji muda huo, inaliwa mara moja karibu na mlango. Ndiyo maana pipa letu lilikuwa bovu kwa mazutu na hodari kwa kula klori.

Sasa fikiri kanisa siku ya Noeli. Watu wanaingia kwa mlango mmoja na kila mtu anakaa kwenye benchi la kwanza analoliona. Mabenchi ya karibu na mlango yanajaa kwanza. Kisha kuna sehemu ambamo watu bado wanasukumana kutafuta nafasi. Mbele kabisa, karibu na altare, mabenchi bado matupu. Ile sehemu ya kusukumana inasogea mbele polepole, na ikifika altare, wanaoingia sasa wanatokea mlango wa pili bila kukaa. Makala ni hivyo hivyo. Juu yamejaa, katikati kuna sehemu ya kusukumana, chini ni mapya. Siku sehemu hiyo inapogusa sakafu, harufu inatokea kwenye robine, hata kama makala mengi bado yana nafasi.

Tuseme sehemu ya kusukumana ina kimo cha santimetri 30. Katika pipa letu la santimetri 40 zilibaki 10 tu za faida. Lakini ukisimamisha makala yawe na kimo cha metri 1 na nusu, maji yakishuka kwa mwendo ule ule, faida ni santimetri 120. Ni mara 12! Na makala hujaongeza mara 12, umeongeza chini ya mara 4. Hiyo ndiyo sababu mnara mrefu ni bora kuliko pipa pana. Ukiyaacha maji yashuke polepole sana katika pipa pana unapata dakika zako, ndiyo, lakini maji machache juu ya eneo kubwa hayaenei sawasawa, yanachimba njia zake.

Kwa hiyo watu wa atelye walitukatia tiyo mbili za chuma za upana wa santimetri 30, kila moja urefu wa metri 2 na santimetri 30, wakazipaka rangi ya ndani inayofaa maji ya kunywa. Kila tiyo inachukua makala ya kimo cha metri 1 na nusu, karibu litri 106. Robine tumeifunga kwa bulo ili isitoe zaidi ya litri 10 kwa dakika, na ufunguo ninao mimi. Maji yanakaa kama dakika 10 katika tiyo ya kwanza na 10 nyingine katika ya pili, jumla dakika 20 na kidogo. Kwa saa moja ni litri 600, kwa saa 10 ni litri 6000. Ukihesabu litri 20 kwa mtu, ni watu 300. Najua mnalalamika kwamba bidoni inajaa polepole. Ni kweli, litri 20 zinataka dakika 2. Ndugu zangu, vumilieni hizo dakika 2.

Chini ya makala kuna changarawe za kupangwa, kubwa chini na ndogo juu, na sahani yenye matundu. Juu kuna sahani nyingine inayoyanyunyiza maji yaenee, yasianguke mahali pamoja na kuchimba shimo. Kabla ya kujaza, makala yalilowekwa siku nzima, usiku na mchana, sababu vitundu vyake vimejaa hewa, na hewa hiyo isipotoka inafungia maji njia. Kisha tuliyaosha mpaka maji meusi yakaisha.

Kwa nini tiyo mbili? Wale wanaojua kazi ya dhahabu wataelewa mbele ya wengine. Tangu mwaka 1973, mgodi wa Homestake, Marekani, ulipoanza kazi hiyo kwa wingi, makala yanatumiwa kukamata dhahabu iliyoyeyushwa kwa sianidi. Hapa Kivu ya Kusini mgodi wa Twangiza, Luhwindja, uliotoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2011, ulitumia makala pia. Katika kazi hiyo matope yanatembea toka tangi ya kwanza mpaka ya mwisho, na makala yanasogezwa kinyume, toka ya mwisho mpaka ya kwanza. Makala mapya yanakutana na matope yaliyobaki na dhahabu kidogo sana, na makala yaliyokaribia kujaa yanakutana na matope tajiri. Hakuna kinachopotea. Sisi tunafanya hivyo kwa maji. Tiyo ya kwanza inabeba mzigo mkubwa, ya pili inalinda. Kati yake kuna robine ndogo. Kila siku ya kwanza ya juma nachukua chupa ya maji hapo, naifunga, naitikisa, naiweka juani kidogo, nafungua na kunusa. Siku harufu itakapotokea hapo katikati, kambi bado inakunywa maji mazuri ya tiyo ya pili. Tunatoa makala ya tiyo ya kwanza, tunajaza mapya, kisha tunageuza vali: ile ya pili inakuwa ya kwanza, na mapya yanakaa nyuma. Makala yanatumika karibu mpaka mwisho wake, na franka za Kampuni hazitupwi.

Matope ni adui mkubwa. Makala si chujio cha udongo. Kwa hiyo maji ya mto yanapita kwanza katika tangi ya kutulia, pamoja na alumu wakati wa mvua, kisha mchanga, ndipo makala. Hata hivyo kidogo kinaponyoka, na ndiyo maana juu ya makala tuliacha nafasi tupu. Tunayasukuma maji safi toka chini kwenda juu mpaka makala yanavimba kama robo moja ya kimo chake, yanacheza, matope yanatoka. Ukisukuma kwa nguvu mno unapoteza makala mtaroni. Ukisukuma kwa woga hayaoshwi.

Sasa usalama, na hapa naomba baba wa kila nyumba asome polepole.

Makala yaliyotoka katika kazi ya dhahabu, ya kampuni au ya wachimbaji wadogo, yasiguswe kwa maji ya kunywa. Yamebeba sianidi, na mahali pengine zebaki. Kuna mtu alinionyesha gunia, amelipata kwa rafiki, anataka kulitumia nyumbani. Kuosha hakutoi sumu hiyo. Kuyaanika juani hakuyarudishi kuwa mapya, sababu yanataka tanuru ya mvuke yenye moto mkali kama ule wa kwanza. Na kuyachoma chini ya sufuria ni vibaya kuliko vyote, zebaki inapanda na moshi, mama na watoto wanaivuta. Makala yetu ya maji yaliyojaa mazutu nayo hayaendi babula. Yanarudishwa kwa magunia yaliyoandikwa, na depo inayahesabu.

Jambo la pili: usiingie kamwe ndani ya tangi yenye makala yaliyolowa. Makala yaliyolowa yanakula oksijeni ya hewa. Hayanuki, hayatoi moshi, huoni kitu. Hewa ya kawaida ina oksijeni sehemu 21 kwa 100. Chini ya 19,5 usiingie. Chini ya 10 mtu anazimia bila hata kujisikia anaumwa. Kisha mwenzake anamwona amelala, anaruka ndani kumwokoa, naye anaanguka juu yake. Katika viwanda vya nchi nyingi watu wamekufa wawili wawili namna hiyo. Tiyo zetu ni nyembamba, hakuna anayeweza kuingia, na tulizitaka hivyo. Makala yanatolewa kwa mlango wa chini, kwa maji ya mpira. Lakini wale wa kiwandani wenye matangi makubwa: bila kipimo cha oksijeni, bila kamba, bila mtu wa kulinda mlangoni, kataa. Kapita akikasirika, mwambie aje dispanseri.

Mimi sitaki muyaamini makala kupita kiasi. Yanaondoa harufu, rangi, mazutu, dawa nyingi za mashamba. Hayaondoi chumvi, wala floridi, wala nitrati ya vyoo. Na hayaui kolera. Kolera Uvira haijawahi kutuacha kwa muda mrefu, na mnakumbuka mafuriko ya mwezi wa nne mwaka 2020, mto Mulongwe ulipobeba nyumba na watu na kuharibu njia za maji ya mji. Uchunguzi mmoja uliofanywa Uvira na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba maji ya robine yakikatika siku nzima, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaolazwa kwa kuhara kwa namna ya kolera wanaongezeka zaidi ya mara mbili. Watu wanarudi ziwani na mtoni na bidoni zao. Hii inanihusu mimi na tiyo zangu pia: nikifunga mtambo siku 2 kubadili makala, ninyi mtakwenda kuchota kwenye kijito. Kwa hiyo tumeweka njia ya kando. Siku ya kubadili, maji yatapita tiyo moja tu, au yatakwenda moja kwa moja toka mchanga mpaka klori. Yatanuka kidogo. Kunywa hayo yanayonuka klori, acha yale ya kijito yanayong'aa.

Mama, mtoto akianza kuhara maji kama ya mchele, usingoje asubuhi. Litri 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi, umpe kidogo kidogo hata akitapika, na umlete. Mlango wa dispanseri unagongwa saa yoyote.

Pembeni ya tiyo nimetundika daftari. Asubuhi na jioni fundi wa zamu anaandika klori ya robine ya mwisho, na litri kwa dakika. Kila mtu ana ruhusa ya kulifungua. Ukikuta siku moja haikuandikwa, au namba imeshuka chini ya 0,2, usichote. Njoo uniite, hata kama nipo mezani.